Machela Iliyolala Uani

Habari ya Yairo nimeisoma kanisani mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Kigango chetu cha Kigalu hupata padre mara moja kwa mwezi, barabara ikikubali. Jumapili nyingine katekista anaongoza ibada, na mimi, kwa kuwa nilifika kidato cha pili kwa masista, napewa kusoma. Yairo alikuwa mkubwa wa sinagogi na binti yake alikuwa karibu kufa. Akaanguka miguuni pa Yesu, akamsihi sana, Yesu akakubali, wakaanza kwenda. Njiani mwanamke mmoja aliyekuwa akitokwa damu miaka kumi na miwili akagusa vazi lake, akapona, na Yesu akasimama kuuliza ni nani aliyemgusa. Akaongea na yule mwanamke bila haraka. Walipokuwa bado wanaongea wakaja watu kumwambia Yairo asimsumbue Mwalimu tena, binti amekwisha kufa.

Maandiko hayasemi Yairo alimwangaliaje yule mwanamke. Katekista wetu, marehemu Andrea, aliwahi kuhubiri kwamba Yairo alinyamaza kwa sababu ya imani. Nilikuwa benchi la mbele, kitabu mapajani, nikasema moyoni, wewe Andrea hujawahi kusimama pale.

Naandika haya ili yasipotee jinsi yalivyokuwa, maana mara ya kwanza niliyasimulia vibaya.

Binti yangu aliitwa Felista. Alizaliwa wakati wa kuvuna maharage, mwaka 1969, na wiki ileile Mwanaasha alimzaa Hidaya. Wakati huo tulikaa mbali, kila mtu kwenye mgongo wa mlima wa ukoo wake, na tulionana sokoni Mkuyuni tu. Ilipokuja operesheni ya vijiji tuliteremshwa wote, nyumba zikapangwa kwa mstari kama viti vya darasani, na mimi na Mwanaasha tukawekwa jirani. Kutoka mlango wangu hadi wake hapakuwa na hatua ishirini. Wao Waislamu, sisi Wakatoliki, lakini sote Waluguru, na watoto hawakujua tofauti isipokuwa siku za sikukuu, ambazo kwao zilikuwa nyingi kwa sababu walikula kote kuwili.

Nilimwonea wivu Mwanaasha tangu mwanzo. Nasema wazi. Hidaya alitembea akiwa na miezi kumi, Felista akaanza akiwa na mwaka na miezi minne. Hidaya alikuwa na sauti ya kuita watu kutoka shamba la pili; wangu alinong'ona. Maharage ya Mwanaasha yalipanda mti hadi juu, yangu yalisinyaa kwa ukungu. Na alicheka sana, mwanamke ambaye mume wake Mikidadi alikuwa kwenye mashamba ya mkonge na kurudi mara moja kwa mwaka. Mimi nilikuwa na mume nyumbani na sikucheka namna ile.

Kitu kimoja nilimzidi. Mimi nilikuwa na kaka.

Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba humlisha na kumpenda, lakini mambo makubwa ya mtoto, ndoa, kusafirishwa, hata kuzikwa, husemwa na mjomba. Kaka yangu Benedikto alifanya kazi ya reli Ngerengere. Alikuja na kofia yake ya kazi, na alipopanda kijijini watu walitoka nje kumwamkia. Mwanaasha hakuwa na kaka. Aliyekuwa naye alikufa kijana. Ndugu wa kiume wa ukoo wao walikuwa wa mbali, wala hawakumjali. Nilikuwa namhurumia kwa hilo, na huruma ile ilinipa raha.

Kila Jumamosi nilikaa barazani kujizoeza somo la kesho kwa sauti. Mwanaasha alikuja na ungo wake wa maharage, akachambua na kusikiliza. Alipenda habari zenye wanawake. Siku moja nilisoma ile ya mama Mkananayo, mgeni, aliyemlilia Yesu kwa ajili ya binti yake mgonjwa, akaambiwa kwamba si vizuri kuwatupia mbwa chakula cha watoto, naye akajibu kwamba hata mbwa hula makombo yanayoanguka chini ya meza. Binti yake akapona. Mwanaasha alicheka hadi maharage yakamwagika.

"Huyo mama alikuwa na mdomo," alisema. "Angezaliwa huku wangemwita Mluguru wa Matombo."

Surua ilipanda kutoka bondeni mwezi wa nne mwaka 1975, katikati ya masika. Nyumba nyingi zilipata. Watoto wengi walipona kwa kukaa gizani na kunywa uji. Felista alianza Jumatatu, Hidaya Jumatano, na hata hapo nilimwonea Hidaya wivu, kwa sababu vipele vyake vilikuwa vichache na alikuwa anaongea. Alhamisi vipele vya Felista vilianza kukauka, tukashukuru. Ijumaa kifua kikaanza. Mbavu zilikuwa zinaingia ndani kila alipovuta hewa, na matundu ya pua yalikuwa yanacheza. Nilijua ni nini. Masista walitufundisha. Hospitali ya misheni walikuwa na sindano ya ugonjwa ule, na ili kufika ilibidi kushuka mlima mwendo wa saa tatu hadi barabara ya Mkuyuni, kisha kungoja gari.

Tangu Alhamisi tulikuwa tumemtumia Benedikto ujumbe kwamba mtoto ana surua. Mtu mmoja aliyekuwa anateremsha ndizi alikubali kuufikisha.

Jumamosi asubuhi mume wangu Dominiko alikwenda ofisi ya kijiji akachukua machela. Ilikuwa moja tu kwa kijiji kizima, mianzi miwili na magunia yaliyoshonwa pamoja. Utaratibu ulikuwa kwamba mgonjwa akiandikiwa machela, wanaume wa nyumba kumi zake wanambeba, wanne mabegani na wanne wakipumzika kwa zamu. Balozi wetu, Mzee Maneno, aliwaleta wote wanane kabla jua halijapita mnazi wa shule. Waliilaza machela uani kwangu, wakakaa juu ya magogo kuningojea nimtoe mtoto.

Nikasema tumngoje mjomba wake.

Dominiko alinitazama. Alisema Felista ni wa ukoo wetu, lakini ugonjwa ni wa kila mtu. Nilimkumbusha mtoto wa dada yangu Martina. Miaka miwili nyuma upande wa baba walimpeleka hospitali bila kumwambia mjomba, mtoto akafia huko, na Benedikto alikataa kukanyaga mazishini hadi wazee walipokwenda kumwomba. Dominiko alikuwepo. Akatoka nje kukaa na wenzake.

Hiyo ndiyo sababu niliyoitoa, na ilikuwa ya kweli. Lakini ilikuwapo nyingine chini yake. Nilitaka Benedikto aje. Nilitaka apande na kofia yake, aingie uani, aseme twendeni, na mtoto wangu ashuke mlima akiwa na baba, mjomba na wanaume wanane, na Mwanaasha aone kutoka mlangoni kwake.

Yeye alikuja kabla ya Benedikto. Usiku Hidaya naye alikuwa ameshikwa kifua. Mwanaasha aliwaamkia wanaume, akawapita, akaja nilipokuwa nimesimama mlangoni. Hakuzunguka maneno. Alisema wanaume wamekaa, machela imelala, kaka yangu hajaonekana hata kwenye kona ya chini. Alisema wanne wangetosha kumshusha Hidaya hadi barabarani, mtoto ni mwepesi, nao wangekuwa wamerudi mchana, na kama Benedikto angefika kabla yao, basi Felista angebebwa kwa shuka hadi wakutane njiani.

Nilisema machela ni ya Felista.

"Sijasema si yake," alisema. "Nasema hailali na mtu."

Hapo akapiga magoti. Ardhi ilikuwa tope, na kanga yake ilikuwa ile nzuri ya Idi, nadhani alikuwa ameshajiandaa kwenda hospitali. Alinishika miguu yote miwili, na wanaume wote waliangalia pembeni.

"Mama Feli, yule mama wa Jumamosi, yule wa makombo," alisema. "Mimi ndiye huyo leo. Mezani ni pako. Nipe kinachoanguka."

Nilijua jibu lililomo kitabuni. Nilikuwa nimelisoma kwa mdomo wangu, barazani palepale. Lakini ndani mtoto wangu alikuwa anahema, na huyu mwanamke aliyenishinda kwa kila kitu alikuwa chini miguuni pangu, anataka tena na hiki.

"Yesu hakuwa na mtoto mgonjwa ndani," nilisema.

Mwanaasha aliachia miguu yangu. Alisimama, akafuta magoti kwa kiganja, akaenda kwake. Sikumwona akitoka. Watu waliniambia baadaye kwamba alimfunga Hidaya mgongoni kama mtoto wa mwaka, msichana wa miaka sita, miguu yake ikining'inia hadi magotini mwa mama yake, akashuka naye peke yake.

Sisi tulibaki na machela yetu.

Mvua ilianza saa sita, wanaume wakahamia chini ya upenu. Benedikto alifika saa tisa. Alikuwa amelowa, amechoka, treni ilichelewa na kutoka Mkuyuni alikuwa amepanda mlima bila kusimama. Sikumtoa Felista nje na kumwambia kaka beba. Alikuwa mjomba. Aliamkiwa na kila mtu, akapewa kigoda, akapewa maji, na Dominiko alimweleza habari tangu Jumatatu kama inavyotakiwa, nami nikaongeza pale alipopunguza. Benedikto alisikiliza hadi mwisho. Kisha aliingia ndani, akamwona Felista, akatoka haraka kuliko alivyoingia.

"Mbona yuko hapa?" aliuliza.

Tuliondoka saa tisa na nusu. Wanaume walikimbia pale njia ilipowaruhusu. Mto ulio chini ya kijiji, ambao Mwanaasha alikuwa ameuvuka asubuhi maji yakiwa chini ya magoti, ulikuwa umejaa, wa rangi ya udongo, unabeba migomba. Hakuna aliyeweza kuingia na machela begani. Waliiweka chini juu ya majani, Dominiko akaifunika kwa mwili wake ili mvua isimpige mtoto. Tulingoja maji yapungue. Nilikuwa nimemshika Felista mkono. Aliniuliza kama Hidaya naye anakuja. Nikamwambia ametangulia. Akasema kwa ile sauti yake ya kunong'ona kwamba Hidaya siku zote anatangulia.

Alikata roho pale kando ya mto, saa kumi na moja hivi, bado mchana.

Benedikto alilia kama mwanamke. Akawageukia wanaume, akauliza nani alisema mtoto mwenye kifua angoje treni. Wote walinitazama mara moja, kisha wakatazama maji.

Siku ya kuanua matanga, kwetu, mjomba huuliza mbele ya watu marehemu alikwendaje, ili ukoo uondoke na neno moja. Benedikto aliuliza. Dominiko alinyamaza kwa sababu si lake. Nikafungua mdomo, na nilichosema ni hiki: tulicheleweshwa, Mama Hidaya alikuja kuigombea machela.

Kila neno peke yake lilikuwa karibu na kweli. Alikuja. Aliitaka. Wanaume wanane waliokuwa uani walikuwepo pia matangani, na Mzee Maneno alikuwa mbele kabisa akiwa na fimbo yake. Lakini mama mfiwa hapingwi siku ile. Walitazama chini. Ukoo ukaondoka na neno hilo.

Mwanaasha alirudi baada ya siku kumi, Hidaya anatembea mbele yake. Alimpitisha kwake, akaja kwangu peke yake kunipa pole. Alilia nami. Nadhani alikuwa ameshaambiwa njiani nilichosema, kwa maana Mkuyuni hakuna kinachofichika, lakini hakutaja machela. Nilingoja aitaje. Alipoondoka bila kuitaja niliona wivu hata kwa hilo, kwamba ana kifua cha kubeba namna ile.

Kijiji hakikumtukana. Kilimpunguzia tu. Kwenye shamba la kijiji wanawake walipopanga mstari wa kulima, waliacha nafasi ya mtu mmoja kati yao na yeye. Hakuna aliyekwenda kwake kuomba moto. Ungo wake wa maharage ulihamia nyuma ya nyumba. Nami nikajizoeza masomo yangu ndani, mlango umefungwa.

Dominiko naye hakuwahi kuniuliza. Tulipata watoto wengine wawili, wavulana, wazima, nawapenda. Lakini kwa Felista sikuwa na kipimo isipokuwa Hidaya. Hidaya alipong'oka meno ya mbele, nilijua Felista naye angekuwa kibogoyo. Hidaya alipoanza shule na kaptula ya kaka wa mtu ndani ya gauni kwa ajili ya baridi, nilimvisha Felista kichwani mwangu. Alipopita alinisalimu, shikamoo mama mkubwa, kwa sauti ileile ya kusikika shamba la pili, nami niliitika marahaba na kumwangalia mgongo mpaka anapotea. Mtoto wangu alikuwa anakua ndani ya mtoto wa mtu, na huyo mtu ndiye aliyekuwa anamsuka nywele.

Mwishoni mwa mwaka 1982 majina ya waliochaguliwa sekondari yalibandikwa ofisi ya kata. Kutoka shule yetu alichaguliwa mmoja. Sina haja ya kusema nani.

Barua ya shule ilikuja na orodha: shuka mbili, ndoo, jembe, sanduku la bati lenye kufuli. Wanaokumbuka mwaka ule wanajua duka la ushirika lilikuwaje. Mwenye duka alikaa nyuma ya kaunta na chumvi na viberiti tu, anakusimulia bidhaa za zamani. Sanduku halikuwepo Mkuyuni, Mlali, wala Morogoro mjini. Miaka mingine wanafunzi walitengenezewa na mafundi, lakini mwaka ule bati lenyewe halikuonekana. Mwalimu mkuu alisema kwenye shule ya bweni asiye na sanduku hapokelewi, vitu vinaibwa.

Kijijini kwetu sanduku la bati lilikuwa moja. Lilikuwa chini ya kitanda changu. Nilikwenda nalo kwa masista na kurudi nalo. Mwaka tulipoteremshwa Dominiko ndiye aliyeandika kibao cha kijiji, na rangi ya buluu iliyobaki aliitumia kuandika juu ya sanduku lile, FELISTA D., kwa herufi nzuri, mtoto akiwa hata hajaanza shule. Ndani yake mlikuwa na gauni lake la Pasaka, kikombe chake na rozari ndogo.

Kila mtu alijua. Mzee Maneno alipita barazani kwangu mara mbili wiki moja, akazungumza habari za kahawa, akaondoka. Nikangoja Mwanaasha aje. Nilikuwa na hakika atakuja. Nilipokoroga ugali nilimwona amepiga magoti, nilipofua nilimwona. Mara nyingine nilimpa, akanibusu mikono. Mara nyingi zaidi nilimnyima. Wiki ya kwanza ya Januari ilikwisha, hakuja. Niliona kupitia dirishani akimshonea Hidaya mfuko wa gunia wenye kamba mdomoni.

Hapo nilishikwa na hasira, na katika hasira hiyo nikaelewa. Alikuwa ameshapiga magoti kwangu mara moja. Asingerudia hata kama mtoto angeenda na vitu vyake mkononi.

Nilimwambia Dominiko nataka sanduku. Alilivuta mwenyewe kutoka uvunguni, akatoa gauni, kikombe na rozari, akavifunga katika kitambaa na kuviweka juu ya kabati bila kuniuliza. Nilijitwika, nikaenda.

Mwanaasha alikuwa nyuma ya nyumba anachambua mchicha. Nililitua mbele yake. Alisoma maandishi ya buluu, ingawa alisoma polepole, alijifunzia kwenye kisomo cha watu wazima.

"Sikuja kuliomba," alisema.

"Najua. Nilikungoja."

"Ulitaka nije nipige magoti tena?"

Nilikuwa nimejiandalia maneno mengine kabisa. "Ndiyo," nilisema.

Alicheka, kicheko kifupi, cha kwanza nilichokisikia kutoka kwake miaka karibu minane. "Afadhali hilo umelisema kweli." Akachukua fungu jingine la mchicha. "Unajua nini kilichonishusha mlima siku ile? Watu wanasema mapenzi ya mama. Ulikuwa wivu. Nilikuona mlangoni, una mume, una kaka anakuja, una wanaume wanane wamekaa kama wanangoja harusi. Nikasema, wa kwake atabebwa na kijiji, wangu nitambeba mimi, tuone nani atafika. Nilikuwa nakutukana kila hatua, Mama Feli. Mpaka hospitali. Walipomchoma sindano ndipo nikakumbuka kwamba Felista naye anaumwa."

Nilikaa chini kwenye udongo. Nikamwambia kwamba nilikuwa namhurumia kwa kukosa kaka. Alisema anajua, ilikuwa inaonekana usoni.

"Kama ningekuwa naye ningengoja," alisema. "Ningengoja kama wewe. Nililiwaza hilo sana."

Nikasukuma sanduku mbele. Hakuligusa. Alisema mtoto wake ataendaje nalo, na kila mtu kijijini anaamini sanduku hilo halina mwenyewe kwa sababu ya mama yake. Alisema maneno yale niliyasema mbele ya watu, basi niende nikayatoe palepale mbele ya watu. Vinginevyo nilibebe nirudi nalo, mfuko wa gunia umeshakwisha kushonwa.

Jumatatu ilikuwa siku ya shamba la kijiji. Mstari ulipangwa, nafasi ikaachwa kama kawaida. Wakati wa kupumzika, watu walipokaa karibu na banda la zana, nilisimama na jembe mkononi kwa sababu sikujua mikono niiweke wapi. Nimezoea kusoma mbele ya watu lakini siku ile sikuwa na kitabu. Nilisema machela ilikuwa uani kwangu tangu asubuhi hadi saa tisa. Nilisema Mwanaasha aliiomba kwa magoti, hakuigombea, na hakuichukua hata kwa dakika moja. Nilisema mimi ndiye niliyemngoja kaka, na kwamba nilimngoja kwa sababu ya desturi na kwa sababu ya majivuno, na kwamba matangani nilisema uongo.

Mzee Maneno alikwaruza udongo kwa fimbo.

"Tulijua, Mama Felista," alisema. "Tulikuwa wanane pale uani. Tulikuwa tunakungoja wewe."

Nilidhani Mwanaasha ataridhika. Alisimama, na kwa mara ya kwanza nikasikia Hidaya alipata wapi ile sauti.

"Mlijua?" alisema. "Huyu alikuwa amefiwa. Ninyi mlikuwa mmefiwa na nani, miaka yote mkaacha lile pengo?"

Bibi Asia, mkubwa kuliko wote pale, alichukua jembe lake, akajikokota hadi ilipokuwa nafasi tupu kando ya tuta la Mwanaasha, akaanza kulima ingawa mapumziko yalikuwa hayajaisha. Wengine walimfuata mmoja mmoja.

Benedikto nilimwandikia barua. Alikuja Pasaka, hakuniambia neno juu yake. Alikwenda kaburini peke yake, akakaa muda mrefu, na aliporudi alikula vizuri. Mpaka leo sijui anawaza nini. Lakini tangu mwaka ule, kila mtoto wa ukoo wetu anayezaliwa, Benedikto huwaambia wazazi jambo moja kabla hata hajalitaja jina: huyu akiugua, msiningoje.

Siku Hidaya alipoondoka alikuja kuniaga. Sanduku lilikuwa kichwani, limefungwa kwa kufuli la mwalimu mkuu. Alikuwa mrefu kuliko mimi. Aliamkia, nikaitika, kisha akalishusha na kunionyesha maandishi.

"Mama mkubwa, kule watauliza Felista ni nani. Mama amesema nikuulize wewe. Nilikwangue?"

Wivu ulinipanda hapohapo, kama zamani, mbichi. Nilitaka kumwambia aliache, jina la mwanangu liende shule walau kwenye bati. Nikaona pia msichana mgeni bwenini, wenzake wakimcheka na kumwita jina lisilo lake, kila siku, hadi alichukie.

"Usikwangue," nilimwambia. "Paka rangi juu."

Dominiko alikuwa na masalio ya rangi nyeupe katika kopo. Alipaka taratibu, herufi moja moja, kisha ilipokauka akaandika HIDAYA M. Kwa karibu, ukiweka macho upande, buluu ilionekana bado chini ya nyeupe. Hidaya aliliona hilo, akanitazama. Akajitwika.

Mama yake alimsindikiza hadi barabarani. Mimi nilibaki kwenye kona ya juu, pale unapoweza kuona mto. Maji yalikuwa machache. Walivuka wakirukia mawe, Hidaya mbele, kama alivyozoea.